Mwaka Niliomtafsiria Echata

Ujumbe ulinikuta ghalani Jumatatu asubuhi, nimesimama katikati ya marobota ya mteja wa Kariakoo, na ulikuwa mfupi kiasi cha kunikera. "Niko soko la Shiling na binamu yangu, tunanunua mikoba. Jumatano mchana nina nafasi. Echata." Miaka kumi na moja bila salamu, kisha mistari miwili kana kwamba tuliagana juzi kituoni. Nilimtumia jina la mgahawa mmoja wa Waislamu wa kaskazini mwa China, wale wanaovuta tambi kwa mikono, nikaandika saa, nikaongeza "karibu", nikaifuta, nikairudisha. Halafu nikamgombeza mpakizi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wiki hiyo hiyo, kwenye kundi letu la simu la wanawake wa Kitanzania hapa Guangzhou, watu walikuwa bado wanarushiana video za Ufaransa. Wasichana waliozuiwa getini mwa shule kwa sababu ya magauni marefu. Wanasiasa wamevaa tai, wamekaa kwenye meza ya kioo, wanabishana nani ni Mfaransa na nani amepewa karatasi tu. Mmoja wetu aliandika, "Si wahame, nchi za Kiislamu zimejaa?" Mwingine akamjibu, "Nchi yao, sheria zao, sisi wauza viatu yanatuhusu nini?" Zikafuata sauti za dakika tano tano, aya, vikaragosi vya kulia na vya kucheka. Mimi mazungumzo hayo huwa siyachangii. Yananipandisha hasira, na hasira yenyewe haina upande. Wote wanajua. Kila mtu ana jibu la gauni, la mtandio, la nani wa wapi, na jibu lenyewe limekaa tayari mdomoni kama pipi. Mimi niliishi chumba kimoja na mtu aliyekuwa ndani ya swali hilo, tukala sahani moja kwa miezi kumi, na siku aliponihitaji niseme neno moja la kweli, nikalimeza.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya sita katika bweni la wanafunzi wa kigeni. Vitanda viwili, meza mbili, na kibaraza kilichotosha ndoo na kamba ya nguo. Nilikuwa mwaka wa tatu wa ufadhili, nasoma biashara kwa Kichina, na nilikuwa nimezoea kukaa peke yangu. Mlezi wa bweni aliponiambia Septemba ile kwamba naletewa Mfaransa, nilipiga deki mara mbili, nikafungua madirisha, nikasukuma mfuko wangu wa dagaa chini kabisa ya kitanda nisije nikaaibika. Akaingia msichana mweusi kama mimi, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, anaburuta masanduku mawili. Akanusa. "Humu kuna samaki kavu," akasema, na nikashangaa kwamba nimemwelewa. Nilipompa maji alinywa yote, akanirudishia kikombe, akaniambia, "Marahaba." Nilicheka hadi nikakaa kitandani, maana sikuwa nimemwamkia. Kumbe kwa Wangazija marahaba ni asante. Wazazi wake walitoka Ngazija, yeye alizaliwa na kukulia Marseille, na kisiwani alikuwa amefika mara mbili tu, zote kwa harusi. Maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili changu cha Tanga. Chake wakati ule kilikuwa nusu Kingazija, robo Kifaransa, na robo iliyobaki mikono.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Jambo hilo nililijua usiku wa kwanza kwa namna alivyopanga vitabu vyake, lakini sababu ya kuacha kazi nzuri ya serikali na kuja kujifunza Kichina nilikuja kuipata kidogo kidogo, akiwa anakuna nazi. Kisamvu Guangzhou hakipatikani. Yeye alinunua majani ya viazi vitamu sokoni, akayatwanga, akayapika na nazi na samaki, akaita mataba, kisamvu cha kwao, akakasirika kila mara kwa kuwa hayakuwa mataba. Na katika kukasirika huko ndipo alipoongea. Huko kwao Ufaransa mwalimu wa shule ya serikali haruhusiwi kuvaa mtandio kazini. Alilijua hilo tangu mwanzo, na alikubali. Kwa miaka miwili aliegesha gari mitaa miwili kabla ya shule, akavua, akaukunja, akauweka kwenye droo ya gari. Jioni akauvaa tena pale pale. "Sikulia," aliniambia. "Watu wanapenda kusikia kwamba nililia. Nilikuwa nachelewa tu." Kisha wazazi wawili wakamwona sokoni Jumamosi amejifunga mtandio. Mkuu wa shule akamwita, akafunga mlango, akamwambia waziwazi kwamba wazazi wanauliza kama mtu wa namna ile anaweza kuaminiwa na watoto wao. Sheria, akasema, iko upande wako ukiwa sokoni, lakini fikiria. Akafikiria mpaka mwisho wa mwaka, akaacha.

"Mama yako alisemaje?" nilimuuliza.

"Alisema nimeshinda mtihani wa nchi nzima kisha nimeshindwa na kitambaa."

Lazima niseme na hili, ingawa halinipendezi. Nilimpenda Echata, na pia nilimwonea kijicho. Polisi wakitusimamisha njiani kukagua pasipoti, yangu ilipinduliwapinduliwa, ikapigwa picha, nikaulizwa nasoma wapi na nani ananilipia. Yake ilifunguliwa na kurudishwa kwa mikono miwili. Yeye aliweza kwenda popote wikiendi bila kuomba viza, na bado alikuwa analalamika. Nilikuwa nikimsikiliza natikisa kichwa, na ndani kabisa nasema: shoga, mimi nikipewa kitabu hicho chekundu nitafungwa hata gunia kichwani. Sikumwambia. Nilimkatia vitunguu.

Oktoba tulikwenda kula kwa Wakongo, ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na mtaa wa Xiaobei. Ilikuwa mchana, na televisheni ilikuwa inarudia mechi ya timu ya taifa ya Ufaransa ya usiku uliopita. Papa Didier alikuwepo, mzee wa Lubumbashi aliyekuwa ananunua viatu soko la Zhanxi kwa miaka mingi, na alikuwa ametupenda kwa sababu tulimsikiliza. Kila mfungaji alipoonyeshwa yeye alipiga meza. "Mutoto wa Mali yule! Na ule mwingine, angalia jina, ni wa kwetu kabisa! Bana yangu, leo équipe ya Afrika imecheza." Watu wakacheka. Echata akaweka kijiko chini.

"Papa Didier, hao ni Wafaransa."

"Ya karatasi."

"Wamezaliwa pale. Mmoja amezaliwa mtaa wa pili na wetu, nimesoma na dada yake. Ni Wafaransa."

"Mwanangu, jiangalie kwenye kioo."

"Kule kwetu wapo watu wanaosema maneno hayo hayo," Echata alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "'Angalia majina. Angalia nyuso. Hawa si wetu.' Wao wanayasema kwa chuki, wewe unayasema kwa furaha, na mimi mnaniacha nje wote."

Papa Didier hakuwa mtu mbaya. Alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyoharibu zaidi. "Basi niambie, mama. Weye ni wa nani?" Echata akachukua tena kijiko. Alikula wali wake wote, punje kwa punje, na tulipotoka akatembea mbele yangu mpaka kituo cha treni bila kugeuka. Nilimfuata nikiwa nimechoka. Niliona amemharibia mzee chakula kwa jambo dogo. Mimi nikiitwa Mwafrika siumii, kwa nini yeye aumie? Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilidhani hilo ni swali zuri.

Machi, hapa Guangzhou, kuna wiki ambazo hewa ya baharini inaingia na kuta zinatoa jasho. Sakafu inateleza, nguo hazikauki siku tano, mkate unaota ukungu ukiutazama. Katika wiki hizo Echata aliona tangazo. Kituo cha lugha cha watoto, katika jengo refu upande wa Tianhe, kilitafuta mwalimu wa Kifaransa aliyezaliwa na lugha hiyo, na wao wenyewe wangeshughulikia kibali. Alipiga simu. Meneja wa kituo, Bi Liang, alikuwa na Kifaransa kidogo cha shuleni, na baada ya dakika kumi alikuwa anacheka kwenye simu kama mtu aliyetekenywa. Sauti nzuri, alisema, sauti nzuri sana, njoo kesho. Echata alipiga pasi blauzi nyeupe mara tatu kwa sababu unyevu uliikunja upya kila mara. "Kule nilikuwa Mfaransa asiyefaa kufundisha," alisema huku akibonyeza pasi. "Hapa watanitaka kwa sababu ni Mfaransa. Unaona utani wa Mungu?" Aliniomba niende naye, kwa kuwa Kichina chake kilikuwa bado cha kuhesabu na kuagiza chakula.

Bi Liang alitupokea kwa tabasamu lililokuwa limelenga nyuma yetu. Alikuwa anamtafuta mtu mwingine mlangoni. Alipoelewa kwamba hakuna anayefuata, alitukaribisha, akatumiminia maji ya moto, akaniambia mimi kwa Kichina, "Rafiki yako anatoka nchi gani ya Afrika?"

"Ufaransa," nikasema. "Ndiye mliyeongea naye."

Akaomba pasipoti. Akaisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu. Kisha akasema, kwa upole ambao mpaka leo naukumbuka kuliko maneno yenyewe, kwamba yeye anaamini, lakini wazazi hawataamini. Wazazi wanalipia Kifaransa, wakimwona Mwafrika watasema wamedanganywa. Na kitambaa, watoto watauliza maswali. Lakini sauti ni ya Ufaransa kabisa, itakuwa hasara kuiacha. Je, angekubali kurekodi masomo? Darasani wangemweka kijana mwingine, mwenye sura wanayoitarajia wazazi, na watoto wangesikiliza sauti yake. "Mwambie vizuri," alimalizia. "Sitaki aumie."

Echata alikuwa ananitazama. Blauzi ilikuwa imemganda mgongoni. "Amesema Feizhou mara tatu," alisema. Neno hilo alilijua, ni Afrika kwa Kichina. "Kwa nini Afrika?"

Nimejitetea kwa miaka kwamba nilitaka kumlinda. Ilikuwepo sehemu hiyo, siikatai. Lakini ilikuwepo pia sehemu iliyochoka, iliyokwisha kuiona hasira ya mezani na ukimya wa njiani, ambayo haikutaka kurudi bwenini na hayo kwenye unyevu ule. Na ilikuwepo sehemu ya tatu, ndogo, iliyosema: hebu naye aonje. Nikafungua mdomo.

"Anasema wana wanafunzi waliowahi kuishi Afrika," nilimwambia. "Madarasa yamejaa muhula huu. Lakini sauti yako imemvutia mno, anataka wewe ndiye urekodi masomo yote. Kituo kizima kitasoma kwa sauti yako."

Uso wake ulifunguka. Akamshika Bi Liang mikono yote miwili, akamwambia asante kwa Kichina, na Bi Liang, aliyedhani ameeleweka, akapumua na kumshika pia. Niliwatazama wanavyoshikana mikono juu ya ile meza, kila mmoja anafurahia jambo lake, na mimi peke yangu nikijua.

Alirekodi Aprili na Mei yote. Jioni alijizoeza chumbani, rangi, wanyama, siku za wiki, anaongeza utani wake mwenyewe, anaimba. Ana namna ya watu wa Marseille ya kuvuta mwisho wa maneno, na aliniambia mkaguzi mmoja kule alishawahi kumkosoa kwa hilo, kwamba mwalimu anapaswa kuongea Kifaransa cha Paris. "Sasa watoto wa Guangzhou wote watavuta," alisema, na alifurahi kama mtu aliyelipiza kisasi bila kumwaga damu. Mimi nilikuwa naondoka chumbani. Nilianza kusomea maktaba, jambo ambalo sijawahi kulipenda. Mara mbili nilidhamiria kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anaongea na mama yake kwenye simu, anamweleza kuhusu kazi, na kwa mara ya kwanza nilisikia mama yake anacheka. Mara ya pili sina kisingizio.

Juni tulikwenda duka kubwa la ghorofa nyingi kununua feni. Chini, karibu na ngazi za umeme, palikuwa na jukwaa dogo lenye maputo, wazazi wamenyanyua simu, watoto kama ishirini wamevaa kofia za karatasi. Niliisikia kabla sijaona. Sauti ya Echata ilikuwa inatoka kwenye spika, inataja rangi, nyekundu, njano, buluu, na watoto wanaitikia huku wanavuta mwisho wa kila neno. Mbele yao alisimama Pavel, kijana mrefu mwenye nywele za dhahabu kutoka Ulaya ya mashariki, aliyekuwa anakaa ghorofa ya tatu ya bweni letu hilo hilo. Alikuwa anachezesha midomo. Nyuma yake picha yake ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mtu, na maandishi ambayo Echata aliyasoma kwa sauti, polepole, kwa kuwa Kichina chake sasa kilikuwa kimekua. "Mwalimu halisi wa Kifaransa."

Bi Liang alituona. Hakuona haya hata kidogo, na kwa nini aone, alikuwa ameomba na amekubaliwa. Alitupungia, akaja na mama mmoja na mtoto wake, akamwambia yule mama kwa fahari kwamba huyu dada ndiye anayesaidia kurekodi, rafiki yetu wa Afrika. Echata alimwinamia mtoto, akamwambia jambo kwa Kifaransa, na mtoto akalirudia vizuri sana. Kisha akasimama wima, akanigeukia mimi.

"Siku ile alisema nini?"

"Shoga, tutoke kwanza..."

"Hapa hapa. Neno kwa neno."

Nikamwambia. Wazazi, sura, kitambaa, kijana mwingine, sitaki aumie. Nilisema yote kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwa nimeyahifadhi. Spika ilikuwa imefika kwenye wanyama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyonisikiliza siku zote.

"Kule mkuu wa shule alifunga mlango akaniambia machoni," alisema. "Nilimchukia, lakini aliniambia, nikachagua mwenyewe la kufanya. Wewe nilikuwa nalala chumba kimoja na wewe, Mwanaidi. Umenifanya niwashukuru."

Feni hatukununua. Jumatatu alikwenda kituoni peke yake, na kwa Kichina chake mwenyewe akamtaka Bi Liang aiondoe sauti yake. Bi Liang alisikitika, akasema hakuna namna, watoto wameshaizoea. Hayo nilielezwa na Pavel, aliyekuja kugonga mlango wetu akiwa mwekundu hadi masikioni kuomba radhi, kwa Kifaransa alichojifunza kutoka kwenye rekodi zenyewe, na alikuwa anavuta mwisho wa maneno. Echata alimsikiliza, akamsahihisha kitenzi kimoja, akamsamehe. Mimi hakunisamehe. Alihamia chumba cha Mkenya mmoja ghorofa ya nne, na Julai akarudi kwao bila kuniaga.

Jumatano alifika mgahawani kabla yangu. Amenenepa kidogo, ana miwani, mtandio wa kijani. Binamu yake alikuwa amebaki kwenye gari na mikoba. Kiswahili chake kimekuwa kizuri kuliko changu cha sasa, ameolewa na mtu wa Mombasa. Tuliagiza tambi na nyama ya kondoo, tukaongea habari za bei za Shiling kama wafanyabiashara wawili, na nilikuwa nimeanza kudhani kwamba hayo tu ndiyo tutakayoongea. Amerudi kufundisha, alisema. Bado anavua ndani ya gari, gari tu ndilo jipya.

"Unaiona ile habari ya magauni?" akaniuliza ghafla.

"Kundi letu zima halina kingine."

"Getini mwa shule niliwekwa mimi. Msimamizi wa zamu alisema wasichana watanisikiliza zaidi, unaelewa kwa nini." Alizungusha tambi kwenye vijiti na hakuila. "Akaja msichana wangu wa darasa la juu, ana akili sana ya hisabati. Gauni refu, jeusi. Natakiwa kumwambia, vazi hili ni la kidini, sheria inakataza, rudi nyumbani. Maneno tisa kumi. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia gauni lile litamkwaza kwenye ngazi, ataanguka. Akaniambia, 'Madamu, sema ulichotumwa.' Nikarudia habari ya ngazi. Mara tatu nimemwambia mtoto yule habari ya ngazi."

"Akafanyaje?"

"Akaenda. Kesho yake akaja na suruali. Hakunisalimia mpaka tukafunga shule kwa likizo hii."

Mhudumu alikuja kuuliza kama tunaongeza mchuzi, nikamwambia hapana, kwa ukali ambao hakuustahili.

"Msichana alikuwa na haki," nikasema.

Echata aliweka vijiti chini. "Ndiyo," alisema, "alikuwa nayo." Akanimiminia chai, nami nikainywa ikiwa bado inaunguza.